Nataka kujifunza mazingaombwe, niko Arusha, ila mama ntilie ameshaniita chuma ulete (mtu anayevuta hela za wenzake kichawi). Nianzie wapi?

FundiSimu_R ameandika:

Habari za jioni wakuu, mods kama hapa sio jukwaa lake mtausogeza tu uzi.

Mi ni chalii wa miaka 26, natengeneza simu, kibanda changu kiko maeneo ya soko la Kilombero hapa Arusha. Toka mwaka jana nimenogewa na mazingaombwe, sio mambo ya kwenda kwa mganga hapana, nasema haya ya karata na sarafu na leso. Ilianza kama utani, nasubiri simu ya mtu iingie chaji naangalia video YouTube, mara bando linaisha kabla ya siku, af nikajikuta usiku nimekaa kitandani naizungusha sarafu vidoleni mpaka saa saba. Sasa nataka nijue kama kuna njia ya kujifunza kwa mpangilio, ikiwezekana hata ije kuwa kazi ya pembeni, maana navyofanya sa hivi ni kurukaruka, leo karata kesho kamba, na hakuna hata kimoja nilichokishika sawasawa.

Kilichonifanya niandike ni hiki. Juzi nimemaliza kula kwa mama ntilie ninapokula kila siku, nikatoa jero la sarafu nikamwambia mama angalia hapa, nikalipoteza mkononi, nikalitoa nyuma ya sikio la mtoto wake wa darasa la pili. Watu benchi zima wakacheka, mtoto akajishika masikio yote mawili, nikajiona staa. Kumbe jioni mama anafunga hesabu anakuta pungufu elfu nne na mia. Kesho yake nafika mchana nampa hela, akarudisha mkono nyuma, akaniambia weka hapo juu ya meza. Nikaweka. Akachukua mwiko akaisukuma ile noti nao mpaka kwenye kopo, hajaigusa! Na kwenye kopo naona ameweka pilipili kichaa tatu kama kinga. Toka hapo mstari mzima wa vibanda wananiita Chuma Ulete, na kuna dada wa vocha hataki nisimame karibu na droo yake.

Nyumbani nako mama yangu ni mlokole, akisikia hili jina nimekwisha.

Maswali yangu ni, mtu anaanza na karata au sarafu? Kuna mtu anafundisha Arusha au Moshi? Inalipa au ni kupoteza muda? Na mnafanyaje watu wasiwaone wachawi? Nawasilisha.

---

Bwana Kikwi ameandika:

Kwanza tuambie elfu nne na mia iko wapi 😂😂 rudisha hela ya mama wa watu ndo tuendelee na maswali

---

Mteule77 ameandika:

Ndugu yangu nakusihi kimbia mapema. Hivyo vitu vinaanza na sarafu vinaishia kuzimu. Hakuna mtu anapoteza kitu mkononi hivihivi, lazima kuna kinachokusaidia hata kama wewe hujui. Mama yako yuko sahihi na huyo mama ntilie ana macho ya rohoni.

---

Shupaza Saba ameandika:

FundiSimu karibu kwenye chama. Mi niko Moshi, Pasua, mwaka wa tisa huu nacheza na karata, kazi yangu ya kula ni nyingine kabisa.

Swali la karata au sarafu ngoja nikujibu kwa mtazamo wangu, wengine watabisha. Anza na vyote viwili ila kimoja kimoja kwa kila upande. Namaanisha hivi, chukua mchezo MMOJA wa karata unaojiendesha wenyewe kwa hesabu, usiohitaji wepesi wa mkono, na chukua mbinu MOJA ya sarafu inayohitaji mkono. Wa karata utakupa moyo maana unafanya siku hiyohiyo na watu wanashangaa, wa sarafu utakunyima usingizi miezi mitatu na ndo utakaokufanya uwe mtu.

Wa karata wengi mnaujua, hauna siri tena hata nikiusema hapa. Karata 21, unazipanga mistari mitatu ya karata saba saba, unagawa moja moja kwa kuzunguka mistari, mtu anachagua moja kwa macho anakwambia iko mstari gani tu. Unakusanya ule mstari unauweka KATIKATI ya mingine miwili. Unarudia hivyohivyo, jumla mara tatu. Ukishakusanya mara ya tatu karata yake ni ya 11 kutoka juu, kila siku, hata ukiwa na malaria. Sasa makosa ya watu wengi ni kuhesabu moja mbili tatu mpaka kumi na moja kwa sauti kama mtu anahesabu mbuzi, hapo hata mtoto anajua ni hesabu. We zigawe taratibu kifudifudi, ukifika hiyo karata iweke kidogo pembeni bila kusema chochote endelea na zingine, ongea mambo yako, af mwombe ataje karata yake kwanza. Akishataja tano ya kopa ndo unaigeuza. Mchezo ni uleule, ila wa kwanza ni hesabu ya darasa la nne na wa pili ni mazingaombwe.

Karata za buku mbili zinazouzwa kwenye maduka yetu nazo ni mtihani, zinanatana zikipata jasho kidogo na ukitaka kunyanyua mbili kama moja zinatoka nne. Ukipata mtu anakuja kutoka nje mwambie akuletee karata za Bicycle, zile uso wake una vibonyeo vidogo vidogo vinavyopitisha hewa kwahiyo karata zinateleza. Mi za kwanza niliachiwa na mtalii. Nilizitumia mpaka rangi ikahamia vidoleni.

Vitabu, kuna cha karata cha 1902 cha jamaa aliyejiita S. W. Erdnase, mpaka leo hakuna mwenye uhakika alikuwa nani, kiko bure mtandaoni maana hakimiliki yake imeshaisha. ILA usianze nacho utachukia maisha, kiingereza chake kigumu na picha ni za kuchora. Kijue tu kipo.

Mwalimu wa kulipa Arusha au Moshi simjui, ningemjua ningeenda mimi. Shule kabisa iliyo Afrika ni ile College of Magic ya Cape Town, ipo tangu 1980, inafundisha watoto na vijana miaka na miaka. Huku kwetu ni wewe, simu yako na kioo.

Na kioo nacho nikuonye. Ukifanya mazoezi mbele ya kioo utajikuta unapepesa macho sekunde ileile unayoficha sarafu, bila kujua, yani ubongo wako wenyewe unakudanganya usione. Mi nilidhani nimeiva kumbe nimefumba macho. Jirekodi na simu, utajiona ulivyo mbovu.

---

Mgumu wa Machame ameandika:

Mi naongoza watalii mlima Kilimanjaro, nilianza kama mpagazi. Shupaza Saba kaongea ila nikwambie karata na sarafu vina maeneo yake. Nilijaribu sarafu kambi ya Barafu, pale ni mita 4,600 na ushee, vidole vimekufa ganzi, wageni wako mesi wanasubiri supu, naibana jero kiganjani lenyewe likachomoka likaingia kwenye bakuli la mteja. Kidogo niseme ndio mchezo wenyewe 😅 nikamletea supu nyingine.

Toka siku hiyo mlimani natumia mpira tu, mpira wa kawaida ule wa kufungia hela. Unauvalisha kidole cha shahada na cha kati, unakunja ngumi, wakati unakunja unaingiza ncha za vidole vyote vinne ndani ya mpira kwa upande wa kiganjani, wao wanaona mgongo wa mkono tu. Unafungua ngumi, mpira unaruka wenyewe unahamia vidole viwili vya mwisho. Hata ukiwa na baridi unafanya. Wageni nao wanaupenda kwa sababu unawafundisha wanaondoka nao kwao.

Af we FundiSimu nina habari yako. Kuna mteja Mfaransa tulikuwa kambi ya Karanga, mvua imetufungia hemani, akaniambia kwao baba wa mazingaombwe ya kisasa alikuwa fundi saa, anaitwa Robert-Houdin. Fundi kabisa wa saa za kujaza! Mwaka 1856 serikali ya Ufaransa ikampeleka Algeria kwa sababu kulikuwa na viongozi wa dini wanaonyesha miujiza watu wanawafuata na serikali inaogopa uasi. Jamaa akaenda na kisanduku kidogo, mtoto anakinyanyua. Akamwita mwanaume mwenye nguvu zake, akakinyanyua vizuri, af akamwambia nimekunyang'anya nguvu, jaribu tena. Jamaa akavuta mpaka miguu ikatetemeka, sanduku halitoki. Kumbe chini ya jukwaa kuna sumaku ya umeme, mtu anawasha na kuzima. Chini ya sanduku kuna chuma. Basi.

We mtu wa kulehemu waya unakosaje kuipenda hii.

---

Bwana Kikwi ameandika:

Kwa hiyo mkoloni alitumia sumaku kutishia watu wa watu af leo tunamwita baba. Sawa

---

FundiSimu_R ameandika:

Mgumu wa Machame umenimaliza, fundi saa! Na hili la sumaku nimelijaribu sasa hivi hapa kibandani, jero letu la sarafu linanasa kwenye sumaku ya spika bila shida, akili imeanza kukimbia.

Shupaza Saba nimejirekodi kama ulivyosema. Aisee. Nilikuwa najiona mwamba kumbe mkono wenye sarafu umekakamaa kama mtu aliyeshika yai. Ile mbinu ya kujifanya naichukua sarafu mkono wa kulia kumbe imebaki kushoto, nafanya haraka sana na bado inaonekana. Naomba msaada hapo.

---

Mzee wa Leso ameandika:

Nimesoma uzi huu mjukuu wangu akiwa ananisaidia kuandika, mkiona makosa mlaumuni yeye.

Kijana, mimi nilikuwa mtu wa mazingaombwe wa mashuleni. Nilianza 1987 nikaacha 1996. Hai, Rombo, Arumeru, Moshi Vijijini, hakuna shule ambayo sikuomba ruhusa kwa mwalimu mkuu. Watoto wa umri wenu mtakumbuka, mnaambiwa mstarini kesho kila mtu aje na shilingi ishirini kuna mazingaombwe, asiye na hela anabaki dirishani kuchungulia. Nilikuwa na begi moja, meza ya kukunja na mke wangu. Yeye ndiye aliyekuwa akifanya kazi, mimi nilikuwa napiga kelele tu watoto wanitazame mimi.

Hilo la sarafu nikujibu. Acha kuificha. Kaa siku tatu nzima UICHUKUE kweli. Mkono wa kushoto umeishika kwa gumba na kidole cha kati, mkono wa kulia unakuja, gumba linapita chini yake, vidole vinaifunika kwa mbele, unaichukua kweli unaondoka nayo. Fanya mara mia. Angalia bega lako, angalia mkono wa kushoto ukishaachwa tupu unafanyaje, utaona unalegea, unashuka wenyewe pembeni, hauna habari. Macho yako yameondoka na sarafu. Ukishajua mwili wako unavyosema ukweli, siku ya nne iache sarafu ianguke kwenye vidole vya kushoto, mengine yote yabaki vilevile. Vijana mnapenda mpira, winga akitaka kumpeleka beki sokoni anafanya mbio? Anaegemea. Mwili wote unaenda kulia mpaka yeye mwenyewe anakaribia kuamini. Wewe unaficha kwa mkono na macho yako yanabaki kuulinda ule mkono wenye mzigo, kwa hiyo wote tunatazama hapo hapo unapotazama wewe.

Na haraka ya nini. Mwizi ndiye mwenye haraka.

Sasa la uchawi. Kosa lako si mazingaombwe, kosa lako ni HELA. Nikusimulie. Mwaka wa pili wa kazi nilikuwa na mchezo wa kugeuza karatasi za daftari kuwa noti, ulikuwa unapendwa kuliko yote, watoto wanapiga mayowe mpaka mwalimu anatoka ofisini. Tukawa shule moja ya Rombo, tumelala hapohapo darasani kwenye mabenchi maana usafiri ulikuwa asubuhi. Saa mbili usiku hodi. Mzee mmoja wa makamo, koti refu, ana gunia mgongoni. Analiweka chini, limejaa magazeti na madaftari ya watoto wake, yamefungwa kwa kamba za migomba vizuri kabisa. Ananiambia mwanangu, sikudai nyingi, nusu yako nusu yangu. Nikamwambia baba yangu, mtu anayeweza kugeuza karatasi kuwa hela analala kwenye benchi la shule na mke wake? Akanitazama, akatazama benchi, akasema ndiyo masharti ya dawa yako, naelewa. Akaliacha gunia, akaniambia fanya usiku nitarudi alfajiri.

Tuliondoka saa tisa usiku kwa miguu. Kuanzia hapo mchezo wa noti sikuufanya tena, nikabaki na leso, kamba, mayai na vijiko. Leso ikipotea hakuna anayefunga hesabu jioni akasema leso imepungua.

Kingine, kila nilipoanza nilisema kwa sauti, hii ni michezo ya mikono, mimi si mganga, sina dawa, anayeumwa aende hospitali. Mtendaji mmoja ndiye aliyenishauri, akanionyesha kuwa Sheria ya Uchawi, ile ya tangu 1928, inamtia hatiani hata anayejitangaza tu kuwa ana nguvu za uchawi. Imetungwa na Mwingereza lakini ipo mpaka leo. Kwa hiyo huyo anayekuita Chuma Ulete usimjibu kwa utani kwamba ndiyo nitakuchumia. Narudia, usitanie hapo.

---

FundiSimu_R ameandika:

Shikamoo mzee wangu. Nimesoma mara tatu. Na nilishamtania kweli yule dada wa vocha, nilimwambia nikipiga chafya droo inahama. Najuta.

---

Shupaza Saba ameandika:

Shikamoo mzee. Hilo gunia nimelicheka mpaka nimelia lakini pia limenisikitisha.

Mteule77 nisikupite. Mwaka 1584 Mwingereza mmoja Reginald Scot aliandika kitabu akieleza michezo ya sarafu na karata inavyofanywa, na sababu yake haikuwa kufundisha burudani, alikuwa anapinga watu kuuawa kwa kusingiziwa uchawi. Hiyo ni miaka mia nne na zaidi, na sisi huku bibi akiwa na macho mekundu kwa moshi wa kuni bado kuna sehemu yuko hatarini. Hata wachungaji wanaotumia hii michezo kufundishia watoto wapo, Marekani wana chama chao kabisa cha wanamazingaombwe Wakristo. FundiSimu mwambie mama hivyo, af muoneshe mchezo na UMFUNDISHE. Siri moja ya mpira haiui sanaa. Nyingine zote funga mdomo.

---

Mteule77 ameandika:

Sijashawishika ila nimekusoma.

---

Nimepigwa Stendi ameandika:

Mi nataka kuuliza tu wataalam, wale wa karata tatu wanafanyaje? Walinila elfu thelathini, nilikuwa natoka kulipa ada ya mdogo wangu, namuona kabisa karata nyekundu inapoangukia, naweka hela, nageuza, nyeusi. Na kuna jamaa mbele yangu alishinda mara mbili kwa macho yangu.

---

Shupaza Saba ameandika:

Pole sana kaka. Huyo aliyeshinda ni mwenzao, na yule aliyekusukuma bega akakunong'oneza "ni ile ya kushoto" naye ni mwenzao, na anayepiga kelele polisi hao ukitaka kudai ni mwenzao vilevile. Pale unaweza kukuta watu sita na mteja ni wewe peke yako.

Mkono wenyewe ni hivi, kulia anashika karata mbili, moja juu moja chini, nyekundu iko chini unaiona kabisa. Anarusha, jicho lako linajua ya chini ndo itatoka kwanza. Yeye anaachia ya JUU. Mkono ni uleule, mwendo uleule. Macho yako hayakukosea kufuata, yalifuata karata isiyo yenyewe toka mwanzo. Mimi naweza kuufanya, ila mezani kwa marafiki na hakuna hela inayowekwa hata ya pipi. FundiSimu huu usiuguse mjini, watakaokuja wa kwanza ni haohao wenye eneo lao.

---

MC Mama Juniour ameandika:

Jamani nimechelewa, mi ni MC na napamba sherehe za watoto hapa Moshi na mara mojamoja Arusha, kwenye swali la inalipa naomba nijibu mimi maana nyie mnaongea karata tu.

Inalipa ila sio kama mnavyofikiria. Mwenye sherehe hanunui ufundi wa mkono wako, ananunua dakika 20 watoto wametulia wakati keki inaandaliwa na watu wazima wanasalimiana. Ipaimara, komunyo, birthday, mahafali ya chekechea. Desemba ndo msimu, wachaga wamepanda wote, kila mji kuna turubai, mimi hapo natafuta mtu wa kuchangamsha watoto simpati, wote ni mascot na kupaka rangi usoni. Mwaka juzi nilimpata kijana mmoja wa mazingaombwe nikampa elfu themanini na nauli. Nikuambie alivyoharibu ili ujifunze.

Kwanza alileta karata. Mtoto wa miaka mitano hajui shupaza ni nini! Walianza kutambaa chini ya meza. Pili alisimama katikati ya turubai, watoto hawakai mbele kama shuleni, wanakuzunguka mpaka mgongoni, dakika ya tatu katoto kakasema kwa sauti "ameiweka kwenye mfuko wa nyuma". Turubai zima. Kijana jasho likamtoka akaanza kugombana na mtoto wa watu, na bibi yake mtoto yuko pale na mbege yake mkononi anasikiliza. Ukija kwenye kazi yangu omba ukuta nyuma yako kabla hujaomba maji. Weka kamba chini watoto wasivuke. Vitu vikubwa vyenye rangi, leso, mayai ya plastiki, kamba, na mtaje mtoto mwenye sherehe jina lake kila baada ya dakika mbili, mama yake atakuita tena mwakani hata kama mchezo wote ulikuwa leso.

Usifanye moto. Turubai linashika.

Ukianza kulipwa nenda BASATA, Baraza la Sanaa la Taifa, ukajisajili kama msanii, ukitaka kazi za hotelini watakuuliza makaratasi. Na usilete nguo nyeusi yenye mafuvu nakuomba, kuna mwingine alikuja hivyo kwenye ipaimara, Padri alikuwa bado hajaondoka.

Mzee wa Leso shikamoo, mimi ni mmoja wa wale wa dirishani wasiokuwa na shilingi ishirini. Ulitoa njiwa au ilikuwa kuku?

---

Mzee wa Leso ameandika:

Marahaba mama. Kifaranga. Njiwa ningempata wapi. Na mke wangu ndiye aliyekuwa naye kwenye khanga muda wote, alikuwa anamtekenya asilie.

---

FundiSimu_R ameandika:

Wakuu narudi na mrejesho, wiki ya tatu sasa.

Karata nimeziweka kando kwanza. Nimeshika mambo mawili tu, leso ya kupotea mkononi na ile ya sarafu alivyofundisha mzee, ila sarafu naifanyia chumbani na jiwe la kete ya bao, sio hela. Zile siku tatu za kuichukua kweli niliona ujinga mwanzoni, siku ya pili ndo nikagundua mkono wangu wa kushoto ukiwa tupu kidole kidogo huwa kinacheza, sijawahi kukiona maisha yangu yote. Sasa hivi kinacheza hata nikiwa na kitu. Mteja kaja jana kuchukua simu nikamfanyia na kofia ya chupa ya soda, akaninyang'anya mkono wa kulia akaufungua vidole kimoja kimoja. Wa kushoto hajauangalia kabisa ulikuwa umelala juu ya goti.

Mama nyumbani nimemfundisha ule wa mpira. Ameupeleka Sunday school. Sina la kuongeza hapo.

Kwa mama ntilie nimemfundisha mtoto wake mpira pia, akakaa nao jioni nzima akamfanyia mama yake wakati anakoroga maharage, mama akacheka akasema kumbe ndo ujinga wenyewe huu. Leo nimekula nikamnyooshea buku mbili, kapokea kwa mkono wake, kaigeuza akaangalia pande zote mbili akatia kwenye kopo, pilipili bado zipo. Chenji akaiweka juu ya meza akanisukumia kwa mwiko.